Kengele Tuliyoisahau Misheni

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani. Nimeitundika sebuleni na inakwenda vizuri, ingawa sijui mtu aliyeambiwa asiwahi tena popote anaihitaji ya nini. Bado naamka saa kumi na moja alfajiri. Naoga, navaa, nafunga kamba za viatu, halafu nakaa kitandani nikikumbuka kwamba hakuna anayeningoja. Nawakumbuka, wanangu. Nakumbuka hata yale niliyoyachukia: harufu ya klorini asubuhi, kelele za watoto siku ya chanjo, na mlango wa wodi ya wazazi ambao haukuwahi kufunga sawasawa tangu nifike mpaka naondoka.

Mmoja wenu aliniomba niandike mambo ya kazi ambayo hayamo kwenye miongozo. Nimekubali. Vyeo nitaviacha, kwa sababu mlivisoma vyote kwenye sherehe, na viwili mlivikosea. Nitaandika habari za Yusta, ambaye wengi wenu hamkumkuta, na habari za kengele, ambayo mnaisikia kila siku na pengine mnadhani ilianzishwa na serikali.

Nilianza kazi katika hospitali moja ya misheni kule kwetu Ngara, binti mwembamba wa Kihangaza mwenye viatu vyeupe vya kuazima. Wodi ya wazazi ilikuwa chini ya Sista Imakulata. Ninyi wote mnaitwa sista na wagonjwa, lakini huyu alikuwa sista hasa, mtawa wa shela kichwani. Alinipokea kwa kunikagua kucha. Kisha akanikabidhi beseni la sindano za vioo nikazichemshe, na jiwe dogo la kunolea ncha zake. Ndiyo, tulizinoa. Msicheke, kulikuwa na wagonjwa waliotusifu kwa kunoa vizuri.

Sista ndiye aliyenifundisha kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni kwa ile fetoskopu ya mbao. Aliniinamisha, akanishika kisogo, akasema, "Acha kuhema. Unajisikiliza mwenyewe." Alinifundisha kutandika kitanda mgonjwa akiwa juu yake, na kumwambia mama habari mbaya nikiwa nimemshika mkono, si nikiwa nimesimama mlangoni. Na alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila siku. Wodini kwake hapakuwa na kiti cha muuguzi. "Muuguzi akikaa," alisema, "mgonjwa anaona amesahauliwa."

Nililibeba neno hilo kama mtu anavyobeba jina la ukoo. Nilipoingia serikalini nikapelekwa Biharamulo, kwenye kituo kimoja cha afya upande wa Nyantakara, nililibeba. Miaka ikapita, nikafanywa muuguzi mfawidhi, na jambo langu la kwanza lilikuwa kuondoa viti viwili vya plastiki wodi ya wazazi na kuvipeleka mapokezi. Wauguzi hawakusema kitu. Nilidhani wamekubali.

Kwa ambao hamkukiona kituo wakati ule, tulikuwa wachache na watu walikuwa wengi. Mbali na wenyeji, kulikuwa na wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga na Mwanza, wanaokaa ndani huko na ng'ombe wao, na mama anatembea nusu siku kuja kliniki. Kwa sababu hiyo walikuja siku ya gulio. Baba anauza mbuzi, mama anapima mtoto, safari ni moja. Siku hiyo uwanja wetu ulijaa mpaka kwenye shamba la mihogo la jirani. Mimi kwa akili zangu nikaona dawa ni kuhamisha kliniki, nikatangaza iwe Jumanne. Jumanne ya kwanza walikuja akina mama watatu, na mmoja wao alikuwa amekosea siku. Tukarudi kwenye gulio.

Yusta alikuja kwetu akitoka chuoni moja kwa moja. Alikuwa wa Bugarama, mtoto wa wakulima, mfupi, mwenye kicheko kilichomtangulia mlangoni. Kwa kukabidhiana zamu hakuwa na mpinzani. Wengine wanasoma daftari la ripoti kama wanaosoma bei za sokoni. Yeye alikwambia mama wa kitanda cha pili analia kwa sababu gani, na nani anamletea chakula. Nilimpenda. Sikuwahi kumwambia, kwa kuwa sisi wa kizazi changu tulidhani kumsifu mtu mbele yake kunamharibu.

Siku moja aliletwa mama kwa baiskeli, amejifungulia njiani, anavuja damu. Daktari alikuwa safarini na gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mwingine. Yusta alipanda kitandani kwa magoti, akalikanda tumbo la uzazi la yule mama kwa mkono mmoja huku akituelekeza kwa sauti ya kawaida kabisa: dripu hapa, sindano ile, mfunikeni miguu. Sijui alikanda kwa muda gani. Najua damu ilisimama, na Yusta aliposhuka hakuweza kunyoosha vidole vyake, nikamnywesha chai kwa kumshikia kikombe. Yule mama alirudi kwake mzima. Kufikia gulio lililofuata habari zilikuwa zimefika kila boma. Akina mama walianza kuja wakisema, "Sisi tunamtaka yule mwenye mkono."

Hapo ndipo nilipofanya kosa, na nililifanya kwa upendo. Kituo kilikuwa na nyumba tatu za watumishi. Mbili ziko mbali kidogo, nyuma ya miti ya mikaratusi, na moja iko karibu na wodi ya wazazi, hatua arobaini tu kutoka mlangoni. Hiyo ya karibu ilikuwa mpya, ina bati jipya na tanki la maji. Nilimpa Yusta. Nilimkabidhi ufunguo mbele ya wenzake wote, wakapiga makofi. Nikasema muuguzi bora apate nyumba bora.

Mnajua kwetu mtu akipiga hodi hafukuzwi. Utamwambia nini mama aliyesimama mlangoni na mtoto ana homa? Kwamba leo ni siku yako ya mapumziko? Basi walipiga hodi kwa Yusta. Alipiga aliyekuwa zamu akizidiwa, walipiga ndugu wa wagonjwa, walipiga hata waliokuja kuuliza duka la dawa liko wapi. Alitoka kila mara. Nilimwona mara nyingi akivuka zile hatua arobaini na kitenge kiunoni, unga wa ugali ukiwa bado mkononi, na nikajisikia fahari. Kwenye ratiba ya zamu, niliyoiandika mwenyewe kwa penseli na rula bila kumuuliza mtu, Yusta alikuwa na siku mbili za mapumziko kila wiki. Niliweza kuionyesha kwa mkaguzi yeyote.

Wa kwanza kuona alikuwa bibi mmoja wa Kisukuma aliyemsindikiza mkwewe kujifungua. Siku ya gulio alinifuata ofisini, akabaki amesimama.

"Shikamoo, Mama," alisema, ingawa alinizidi umri.

"Mimi ndiye niseme shikamoo, Bibi. Kuna tatizo?"

"Sikuja kulipoti. Nimekuja kuuliza. Yule binti anakula saa ngapi?"

"Binti yupi?"

"Huyo mwenye mkono. Tumefika jua halijatoka. Sisi tumekula viazi, tumekula miwa, tumekunywa maji. Yeye namtazama tu, hajakaa, hajala. Hata ng'ombe wa kulimia, Mama, mchana anafunguliwa."

Nilimwambia asijali, sisi wauguzi tumezoea. Akanitazama kama mtu aliyepewa chenji pungufu, akaondoka. Nami nikarudi kwenye makaratasi yangu, nimeudhika kidogo kwamba mtu wa nje anakuja kunifundisha kazi.

Gulio lililofuata Yusta alikuwa kwenye mizani ya watoto. Niliambiwa baadaye na waliokuwepo. Alimtoa mtoto kwenye mizani, akamrudisha kwa mama yake taratibu, akaweka kalamu mezani, akatembea. Nilimkuta nyuma ya wodi, amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, mikono mapajani. Hakuwa akilia. Alikuwa akitazama ukuta.

Nilisema, "Yusta, inuka. Akina mama wanasubiri."

Nimekuwa muuguzi miaka mingi. Nimewashika mikono watu nisiowajua, nimewauliza wanaumwa wapi, tangu lini, kunazidi wakati gani. Yusta sikumuuliza hata moja kati ya hayo. Nilimwambia ainuke, naye akainuka, akapima watoto mpaka wa mwisho. Mwisho wa mwezi aliniletea barua ya mistari miwili ya kuacha kazi. Nikamwambia atajuta. Akajibu, "Sawa, Mama," akanikabidhi ufunguo wa ile nyumba, akiwa ameufunga kwenye kitambaa safi.

Nitasema ukweli: nilikasirika. Kwa wiki kadhaa nilimsema kwa kila aliyenisikiliza, kwamba vijana wa siku hizi wana vyeti lakini hawana moyo. Kisha wengine wawili wakaja na barua za kuomba uhamisho, siku moja, kama waliopatana. Hapo nikaogopa. Nikachukua likizo ya siku nne, ya kwanza baada ya miaka sita, nikaenda Rulenge kumtafuta Sista Imakulata.

Alikuwa ameshazeeka, anakaa katika nyumba ya watawa, miguu imevimba, akili kali vilevile. Alitazama kucha zangu kwanza. Nikamweleza yote: Yusta, barua, vijana wasio na moyo, wasioweza kusimama kama sisi tulivyosimama wodini kwake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Generoza," akasema, "wewe unawapigia kengele saa ngapi?"

"Kengele gani, Sista?"

"Kengele! Ulikuwa huisikii? Mimi nilikuwa nasimama kwa sababu nilijua kengele italia. Ikilia ya sala, naacha. Hata awe nani ananiita, naacha, mwingine anashika, mimi naenda kanisani. Nakaa. Wakati mwingine nasali, wakati mwingine nasinzia, Mungu ananijua. Ikilia ya chakula, nakula, na mwenzangu ananisomea kitabu. Mara nne, mara tano kwa siku. Ungenisimamisha vile bila kengele ningetoroka nirudi kwetu nikalime."

Nilijitetea kwamba alitufundisha kutokukaa.

"Wodini," akasema. "Nilisema msikae wodini. Nani alikwambia msikae kabisa?"

Wanangu, miaka yote ile niliisikia ile kengele. Nilimwona Sista akikunja aproni yake na kuondoka, na sisi walei tukabaki tumesimama, tukadhani ni mambo ya utawa wao. Tuliondoka misheni tumebeba utii wote, kengele tukaisahau huko. Nilikaa pale kitini kwake na aibu yangu, akaniagizia uji, akanitazama mpaka nikaumaliza.

Niliporudi niliitisha kikao. Tabibu mfawidhi, mkuu wa kituo, alipinga kwanza. "Mnataka kuwa watawa?" aliuliza. "Nani atafunga kula nyama?" Lakini alikuwa mtu mwema, na zile barua mbili za uhamisho zilikuwa mezani kwake. Tukaomba rimu ya gari kuukuu kwa fundi wa gereji pale gulioni, ile aina inayogongwa shuleni, tukaitundika kwenye nguzo ya mapokezi. Kila zamu ikawa na mgongaji wake. Ikigongwa, anayetajwa anaacha alichoshika, mwenzake anapokea, naye anakwenda kwenye chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya magodoro mabovu, nusu saa. Haitwi. Tuliandika mlangoni mambo mawili tu yanayoruhusu kumwita: mama anayevuja damu na mama mwenye kifafa cha mimba.

Wiki ya kwanza mambo yalikwenda kombo. Nilichungulia chumbani nikakuta watu wanajaza madaftari ya MTUHA, yale makubwa ya takwimu, wamejiinamia kama wanafunzi wa mtihani. Walikuwa wamepata nusu saa ya utulivu, wakaitumia kumaliza kazi. Nikaweka kopo nje ya mlango na sheria mpya: kalamu zinabaki kwenye kopo. Mmoja alificha kalamu kwenye nywele. Nilimkamata, na sasa ni mganga mfawidhi mahali fulani, kwa hiyo simtaji.

Wagonjwa ndio walioelewa haraka kuliko wote. Mwanzoni kengele ikilia baadhi walisimama wakidhani ni sala. Baadaye nikaanza kuwasikia wakiambiana benchini, "Tulia, nesi yuko kengele." Yule bibi wa Kisukuma alirudi na mjukuu, akaiona, akaniletea viazi vitamu nusu gunia.

Kisha ile nyumba ya karibu. Tuliamua haitakuwa ya mtu. Ikawa ya zamu: anayeshika wiki ya dharura anahamia na begi lake, wiki ikiisha anarudi nyuma ya mikaratusi, anamwachia mwenzake ufunguo. Tulitangaza kanisani, msikitini na gulioni kwamba hodi inapigwa kwenye nyumba hiyo moja tu. Nyumba za nyuma tulizizungushia uzio wa minyaa. Na ratiba nikaacha kuiandika peke yangu. Tuliiandika wote mezani, kila mtu akianza na siku anayoihitaji kuliko zote. Ndipo nikajua kwamba mmoja wao alikuwa na mtoto mgonjwa wa selimundu, na alikuwa amefanya kazi nami miaka mitatu.

Siwezi kusema hakuna aliyechoka tena. Kazi hii inachosha, na bado tulikuwa wachache. Lakini wale wawili walikuja kuchukua barua zao za uhamisho, mmoja akaichana yake mbele yangu. Watu wakaanza kucheka wodini. Mimi nilipokaa kwa mara ya kwanza kwenye kile chumba, kalamu yangu ikiwa kwenye kopo, nililia nusu saa nzima. Nililia kwa sababu kiti kilikuwa kizuri, na kwa sababu kilipaswa kuwa cha Yusta.

Haya yote mnayajua au mliyakuta. Kuna jambo hamlijui. Mwezi uliopita, mfawidhi wenu mpya alinipigia simu. Imetoka nafasi ya mkataba ya mkunga mzoefu, na watu wa vijijini bado wanamtaja mwenye mkono. Akaniomba nimtafute Yusta. Sijui kama alijua amenipa nini. Nilipanga begi siku hiyohiyo, nikapanda gari mpaka Ngara, nikachukua bodaboda hadi Bugarama na fomu ya maombi ndani ya bahasha, nikijipangia maneno njia nzima kama kijana anayekwenda kuposa.

Nilimkuta anapiga maharage uani kwa fimbo. Amenenepa kidogo. Aliponiona aliiacha fimbo ikaanguka.

"Shikamoo, Mama!"

"Marahaba, mwanangu."

Alinikumbatia kwa muda mrefu, vumbi la maganda likanijaa mabegani. Akanipikia ndizi na maharage, akanionyesha kahawa yake na wanawe wawili. Nilimwomba msamaha kabla sijamaliza kula, kwa sababu niliogopa nikishiba nitatafuta njia ya kuzunguka. Nikamwomba kwa ile nyumba, na kwa neno "inuka". Akasema ameshasamehe zamani, nami nikamwamini.

Ndipo nikamsimulia yote niliyowasimulia ninyi. Kwenye habari ya kalamu iliyofichwa kwenye nywele alicheka kile kicheko chake, na nikadhani nimempata. Nikatoa bahasha, nikaiweka juu ya mkeka.

"Utakuja?"

Hakuigusa. "Naipenda ile kazi, Mama. Bado naiota. Akina mama wa hapa kijijini nawasaidia kwa ushauri, wengine nawasindikiza mpaka kituoni. Lakini kurudi, hapana. Nikiiwazia ile njia ya kwenda wodini, mwili unakataa."

"Hata sasa? Hata kukiwa hivi nilivyokueleza?"

Aliokota punje moja ya maharage iliyorukia mkekani, akaizungusha vidoleni.

"Ilichukua muda gani?" akauliza. "Kengele, na chumba, na nyumba. Kufanya yote hayo."

Nilihesabu. Sikutaka kumdanganya. "Wiki tatu."

"Wiki tatu." Alitupa ile punje kwenye ungo pamoja na nyingine. "Kumbe iliwezekana."

Hakusema kwa hasira. Ningeshukuru angekasirika. Alisema kama mtu anayejibiwa swali alilojiuliza kwa miaka mingi: je, tatizo lilikuwa yeye?

Nikamwambia ndiyo, Yusta, iliwezekana.